SOMO: MTAMBO MDOGO WA SIMU OFISINI



Matawi kadhaa yanauliza kama inafaa kununua mtambo mdogo wa simu kwa ofisi ya chama. Kabla ya kutoa michango ya wanachama, tukielewe chombo chenyewe.

Mtambo wa chini unaouzwa sana una laini 3 za nje na simu za ndani 8. Muuzaji ataitaja hiyo 8 kwa sauti kubwa. Lakini watu 3 wakiwa wanazungumza na nje, anayepiga wa nne, awe amekatwa kidole na mashine au amefukuzwa kazi asubuhi hiyo, atasikia mlio wa laini kutumika tu.

Jambo hili lina hesabu yake. A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, huko Denmark, aliandika juu yake mwaka 1909. Tuseme siku ya mgogoro wa mishahara zinapigwa simu 40 kwa saa, kila moja dakika 3. Jumla ni dakika 120. Laini 2 zingetosha, kama watu wangepiga kwa zamu. Hawapigi kwa zamu. Hupiga kwa mkupuo, kisha kimya. Kwa hesabu ya Erlang, laini 3 zitakataa kama simu 8 katika hizo 40. Laini 5 zitakataa 1 au 2. Basi ulizeni kwanza: mtambo huu unaongezeka hadi laini ngapi, na kwa bei gani? Mingine haiongezeki kabisa.

Halafu umeme. Ukikatika, mitambo mingi ya aina hii hubakiza simu moja tu, iliyounganishwa moja kwa moja na laini moja. Mingine hunyamaza yote. Simu hiyo moja iwe mezani kwa katibu, si stoo.

Na siri. Hata mtambo mdogo wa mwajiri unaweza kutoa orodha ya namba zilizopigwa, saa na muda wa mazungumzo. Mingine humruhusu mkubwa kuingilia maongezi. Mambo ya chama yasipitie swichibodi ya kiwanda, hata kama karani wa simu ni mwenzetu.

Tawi lenye karani mmoja halihitaji mtambo. Simu 2 za mkononi zinatosha, namba ikibandikwa kwenye mizani ya chai, pamoja na daftari la kuandika nani alipiga, saa ngapi, na kwa shida gani.