Sange wa Arabuko-Sokoke, Mnyama wa Majani Makavu

Si panya

Ukipita asubuhi ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, au kwenye vichaka vinavyozunguka magofu ya Gede, utamsikia kabla hujamwona. Mchakacho kwenye majani makavu, kimya, halafu mchakacho tena. Simama tuli. Pua ndefu inayochezacheza itatokeza chini ya kichaka, kisha miguu myembamba kama ya paa, na mwisho ile sehemu iliyompa sifa: juu ya mkia ana rangi ya manjano inayong'aa, kana kwamba amekalia rangi mbichi.

Wengi humwita panya, na jina hilo limemponza, maana panya haonewi huruma na mtu. Sange hana meno ya kuguguna. Hagusi mahindi wala muhogo, wala haingii ghalani. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ukoo wake ni mmoja na tembo, pimbi, nguva na mhanga, ingawa yeye ana uzito wa gramu 540 hivi, kuzidi kidogo pakiti ya sukari ya nusu kilo. Siku hizi hata wataalamu wa ng'ambo wamelichukua jina lake la huku kwetu, wanamwita sengi. Haifai sisi tuliolizaa jina hilo tuendelee kumwita panya.

Sahani, kitanda na kengele

Sange huishi chini, na maisha yake yote yamo katika tabaka la majani makavu. Mchana kutwa hupekua kwa pua na kufukua kwa kucha akitafuta mchwa, mende, tandu, buibui na minyoo. Mara nyingi hufuatana na ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ambaye huokota wadudu wanaotimuliwa. Sange hapati faida yoyote kwa ushirika huo, lakini hamfukuzi.

Usiku hulala katika kiota cha majani hayo hayo. Huchimba shimo la kina kifupi, akalitandika, kisha akalifunika kwa rundo lenye upana wa mita moja hivi. Kazi hiyo huifanya alfajiri, majani yakiwa bado na umande, kwa sababu majani yaliyolowa hayapigi kelele. Hana kiota kimoja tu. Huwa na kadhaa, na huhamahama baina yake ili adui asimzoee.

Akishtuka hupigapiga mkia juu ya majani, kisha hutimka. Mwindaji akimkimbiza, macho yake huliendea lile doa la manjano, na meno hufuata macho. Hapo ndipo ngozi ya sange ilipo nene, kiasi cha mara tatu kuliko katikati ya mgongo. Huumwa mahali alipojikinga, akaponyoka.

Dume na jike hukaa katika eneo moja maisha yao yote, lakini si wa kuandamana. Kila mmoja hula peke yake na hulala kiota chake. Akiingia dume mgeni, hufukuzwa na dume. Akiingia jike, jike ndiye humtoa. Mengi kati ya haya tunayajua kwa sababu mtafiti Galen Rathbun aliwachunguza kwa subira pale Gede katika miaka ya 1970.

Kitanzi hakichagui

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio ngome kuu ya sange huyu. Nje yake amebaki katika vipande vidogo vya msitu na vichaka vya pwani ya Kenya, na vingi vya vipande hivyo vimezungukwa na mashamba na nyumba. Ndiyo maana amewekwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Hatari yake moja hutoka kwenye waya. Anayetega kitanzi njiani mwa paa hamkusudii sange, lakini sange hupita njia zile zile. Tena nyama yake ni kidogo na haisifiwi. Panya akiuawa, wenzake huziba pengo kwa uzazi mmoja wa watoto wengi. Sange huzaa mtoto mmoja tu kwa kila mimba. Na kumbuka kwamba uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, hata wa mnyama wa saizi hii.

Kuna pia mbwa wanaoachwa kuzurura msituni. Kuna ukataji wa miti mikubwa kama mbambakofi: ikiondoka, kivuli hupungua, majani hukauka na kupeperuka, na wadudu hupungua nayo. Moto wa kusafisha shamba ukivuka mpaka huteketeza sahani na kitanda kwa pamoja.

Hatusemi wanaoishi kando ya msitu wasiutegemee. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, umewapa wakulima njia ya kulea vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo, na pupa hao hawapatikani msitu usipokuwapo.

Ukiwa msituni

Mfunge mbwa nyumbani. Ukiona waya umefungwa kwenye mche, mwarifu askari wa msitu au wa wanyamapori. Usizoe majani chini ya vichaka kwa mbolea au matandiko ya mifugo.

Na ukikuta rundo la majani lililoinuka kidogo, pana kama ungo mkubwa, mahali ambapo upepo haungeweza kulikusanya, usilichokonoe kwa fimbo. Huenda ndani mna mtoto ambaye hajafikisha wiki mbili na bado hajatoka nje. Zunguka kando, ukipita taratibu.