Ndugu yako kafungwa miaka 30 kwa unyang'anyi? Hivi ndivyo unavyoandaa rufaa

Hukumu imesomwa: unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30 jela. Wanasema aliingia nyumba ya watu usiku na wenzake, wakajeruhi na kupora. Yeye anasema hakuwepo. Sasa kila mtu ana ushauri wa kukupa, na mwingi wake utakula muda na pesa bure.

Shika hili moja: rufaa ni kazi ya tarehe na kurasa. Hata aliyeonewa anaweza kubaki ndani kwa sababu watu wake walichelewa, au waliandika malalamiko badala ya hoja. Hatua hizi ni za kesi iliyohukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, Tanzania Bara, na rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu.

Hesabu siku kuanzia siku ya hukumu

Kuna tarehe mbili za kuandika ukutani. Ndani ya siku 10, taarifa ya kusudio la kukata rufaa iwe imetolewa. Ndani ya siku 45, hati ya rufaa yenye sababu iwe imewasilishwa.

Siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hazihesabiwi kwenye hizo 45. Lakini lazima uweze kuzionyesha. Omba nakala kwa barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, na utunze nakala yako.

Ndugu yako aliye gerezani haendi masijala. Anapeleka taarifa na hati yake kupitia mkuu wa gereza. Siku ya kumtembelea, swali lako la kwanza liwe: umeshaweka dole gumba kwenye taarifa ya rufaa, na ilikuwa tarehe ngapi?

Mmechelewa? Bado kuna mlango. Omba Mahakama Kuu iongeze muda, kwa kiapo kinachoeleza sababu. Kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. "Hatukujua sheria" huwa haitoshi. "Nakala tulipewa tarehe fulani, na hii hapa barua" ina nguvu.

Pata mwenendo wote, usitosheke na hukumu

Hukumu inakuonyesha alichoamini hakimu. Mwenendo unakuonyesha walichosema mashahidi. Hoja za rufaa nyingi zimo kwenye mwenendo.

Hakikisha una hati ya mashtaka, ushahidi wa kila shahidi, utetezi, vielelezo vyote na hukumu. Kagua kama kurasa zimefuatana. Kama mwenendo umeandikwa kwa Kiingereza, tafuta mtu anayeielewa lugha ya mahakama akusomee pole pole.

Kisha chukua daftari. Kila shahidi mpe ukurasa wake. Andika alisema nini, ukurasa wa ngapi, na aliulizwa nini na mshtakiwa. Kazi hii inachosha, lakini hakuna atakayeifanya kwa moyo kama wewe.

Anza na hati ya mashtaka

Unyang'anyi wa kutumia silaha una viungo vyake: wizi, silaha, na nguvu au vitisho dhidi ya mtu ili kupata au kubaki na mali. Soma hati uone kama vyote vimo. Je, inamtaja mtu aliyetishwa au kupigwa? Mahakama ya Rufani imewahi kuona kasoro hapo kuwa nzito.

Halafu linganisha hati na ushahidi. Hati inasema panga, shahidi anasema bunduki. Hati inasema tarehe 5, mwenye nyumba anasema tarehe 7. Kama hati haikurekebishwa, andika.

Chunguza utambuzi kuliko kitu kingine chochote

Uvamizi wa usiku karibu wote husimama au huanguka hapa. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inashikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe.

Kwa kila shahidi wa utambuzi, tafuta majibu haya kwenye mwenendo:

– Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? "Taa ilikuwa inawaka" haitoshi. Kama mwanga ni wa tochi walizoshika wavamizi wenyewe, angalia zilimmulika nani. Anayemulikwa usoni huona kwa shida.
– Alikuwa umbali gani na mvamizi?
– Alimwona kwa muda gani, na katika hali gani?
– Alimfahamu kabla? Kwa vipi?
– Alimtaja kwa nani mara ya kwanza, na lini?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake peke yake. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa kwamba shahidi anaaminika. Mtu aliyemtambua jirani yake saa nane za usiku, majirani wakaja, polisi wakaja, naye hakutaja jina lolote, ana jambo la kueleza.

Kama shahidi hakumfahamu ndugu yako kabla, tafuta gwaride la utambulisho. Lilifanyika? Shahidi alishamwona kituoni kabla ya gwaride? Aliwaeleza polisi wajihi na mavazi ya mvamizi kabla ndugu yako hajakamatwa? Kumnyooshea mtu kidole akiwa kizimbani, bila gwaride kutangulia, kuna uzito mdogo sana.

Mali iliyokutwa: uliza maswali manne

Wakati mwingine hakuna aliyemwona, ila simu au televisheni ilikutwa kwake. Sheria inaruhusu kumtia hatiani aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni, kwa masharti. Je, mali ilikutwa kwake kweli? Mlalamikaji alithibitisha ni yake, kwa alama maalumu au risiti? Iliibwa karibuni? Ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka?

Angalia pia upekuzi. Kulikuwa na hati ya ukamataji mali? Ilisainiwa na nani? Shahidi huru alikuwepo? Baada ya mali kukamatwa, nani aliitunza mpaka ikafika mahakamani? Mahakama huwa kali zaidi kwa vitu vinavyobadilishika kirahisi mikononi mwa watu.

Maelezo ya onyo

Kama anadaiwa kukiri polisi, tafuta saa. Alikamatwa saa ngapi, akaandikwa saa ngapi? Sheria inatoa saa nne za msingi tangu mtu awe chini ya ulinzi, isipokuwa muda uwe umeongezwa kwa utaratibu.

Kisha angalia siku maelezo yalipotolewa mahakamani. Aliyapinga kwa kusema aliteswa? Kama alipinga, hakimu alipaswa kusimamisha kesi na kuchunguza kwanza kabla ya kuyapokea. Kama alikaa kimya siku ile, kulalamika leo ni vigumu sana.

Kielelezo kilisomwa?

Waraka ukishapokelewa kama kielelezo, lazima usomwe kwa sauti ili mshtakiwa aelewe kilichomo. Msimamo huu uliwekwa wazi kwenye kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003. Pitia PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hati ya ukamataji na maelezo ya onyo, kimoja kimoja. Ambacho hakikusomwa kinaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu.

Lakini usishangilie mapema. PF3 ikiondolewa, majeruhi aliyesimama na kueleza kidonda chake bado ushahidi wake upo. Kwa hiyo kila ukipata kasoro, jiulize: hiki kikiondoka, kinabaki nini cha kumfunga? Kasoro isiyoleta madhara kwa haki, mahakama huipita.

Utaratibu wa kesi

Hakimu alibadilishwa katikati? Angalia kama sababu iliandikwa. Baada ya upande wa mashtaka kufunga, mshtakiwa alielezwa haki yake ya kujitetea na kuita mashahidi? Hukumu imeupima utetezi wake, au imeuruka?

Na kama alikuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio, tafuta cheti cha kuzaliwa mara moja na ulieleze jambo hilo mapema kwa mwanasheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfunga mtoto gerezani.

Andika sababu chache zenye meno

Usiandike: "Hakimu alikosea kisheria na kiukweli kunitia hatiani." Hiyo haisemi kitu.

Andika: "Hakimu alikosea kuamini utambuzi wa shahidi wa kwanza, ambaye hakueleza ukali wa mwanga wala muda aliomwona mrufani, na ambaye hakumtaja mrufani kwa polisi waliofika usiku huo huo."

Sababu nne au tano za namna hiyo zinatosha. Anza na iliyo kali kuliko zote. Pembeni ya daftari lako weka ukurasa wa kila hoja.

Acha hoja zisizobeba. "Mashahidi ni ndugu wa familia moja" haitoshi. Waliovamiwa ndio waliokuwepo. "Mashahidi ni wachache" nayo haitoshi, maana sheria haijaweka idadi. Kuomba kupunguziwa miaka hakusaidii, kwa sababu 30 ndiyo kiwango cha chini kwa kosa hili. Na kama aliacha kumuuliza shahidi jambo zito, mahakama huweza kuhesabu kwamba alilikubali.

Usiwaguse waliovamiwa

Usimtume mtu kwa mlalamikaji. Usimpigie shahidi simu. Usipeleke bahasha popote. Ni kosa, na linaweza kukuingiza wewe mwenyewe ndani. Zaidi ya hapo, ile ni familia iliyovunjiwa mlango ikaumizwa. Inastahili ukweli kama wewe unavyoustahili. Mtu akifungwa kimakosa, maana yake waliowavamia bado wako mtaani.

Tafuta mwanasheria mapema

Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wasaidizi wa kisheria wa wilaya, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au Chama cha Wanasheria Tanganyika. Nenda na daftari lako. Anayepokea kesi iliyochambuliwa hufanya kazi haraka. Namba za vifungu mwachie yeye, kwa sababu Toleo la 2023 la sheria limezipanga upya namba nyingi.

Anayekuambia "nipe kiasi fulani nimwone jaji", mkimbie.

Siku ya kusikilizwa

Mweleze ndugu yako azungumze kwa ufupi na kwa heshima, aombe sababu zake zipokewe kama zilivyo, kisha asubiri kumjibu wakili wa serikali. Wakili huyo naye huweza kuunga mkono rufaa. Akifanya hivyo, ndugu yako asiongeze maneno.

Jaji kwenye rufaa ya kwanza anao wajibu wa kuupima upya ushahidi wote. Anaweza kuitupa rufaa, kufuta hatia na kuamuru aachiwe, kubadilisha kosa, au kuagiza kesi ianze upya. Kesi haiagizwi kuanza upya ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

Mkishindwa, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani itolewe ndani ya siku 30. Huko husikilizwa hoja za kisheria, na sababu mpya za mambo ya ushahidi ambazo hamkuzileta Mahakama Kuu hazipokewi. Ndiyo maana rufaa ya kwanza usiifanye nusu nusu.

Leo fanya mawili tu: uliza gerezani kama taarifa ya siku 10 imeshatoka, na upeleke barua ya kuomba mwenendo. Mengine yote yanasubiri hayo.