Usimwite mtu kwa kosa lake



Vijana wenzangu, Sekondari ya Azania hapa Upanga ina uwanja wa besiboli, uliozinduliwa 2018 kwa msaada wa Wajapani. Wengi wetu mchezo huo hatuujui, lakini una kisa kimoja kinachotuhusu sana.

Tarehe 23 Septemba 1908, timu mbili za kulipwa, New York Giants na Chicago Cubs, zilikutana New York zikiwania ubingwa. Matokeo yalikuwa 1-1, zamu ya mwisho. Fred Merkle wa Giants, kijana wa miaka 19, alikuwa kituo cha kwanza; mwenzake alikuwa cha tatu. Mpira ukapigwa, yule wa kituo cha tatu akafika nyumbani. Mashabiki wakavamia uwanja kwa furaha. Merkle akaona mechi imeisha, akageuka kwenda zake bila kugusa kituo cha pili.

Kanuni ilimtaka aguse. Siku zile wengi hawakugusa na waamuzi walinyamaza tu. Ila Johnny Evers wa Cubs alidai mpira, akagusa kituo, na mwamuzi akalifuta bao. Ikawa sare. Mwisho wa ligi timu zikalingana, zikarudiana 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4-2.

Merkle akabandikwa jina: Bonehead, yaani bwege. Alicheza miaka mingi baada ya hapo, akafika fainali kadhaa, lakini jina lilimfuata mpaka alipofariki 1956.

Kocha wake, John McGraw, alikataa kumtupia lawama. Alimbakiza kikosini, tena akamwongezea mshahara.

Katika falsafa tunatofautisha tendo na mtendaji. Tendo linapita, mtu anabaki, na mtu ni mkubwa kuliko tendo lake moja. Yesu alifanya hivyo kwa Petro. Soma Yohane 21: Petro alikana mara tatu, Yesu akamuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo. Hakumwita "Mkanaji".

Sisi je? Namfahamu dada mmoja aliyepata mimba, akatubu, akarudi kwaya. Kwenye grupu la WhatsApp bado aliitwa kwa kosa lile. Akaacha kwaya, baadaye akaacha na Misa. Hapo nani kapoteza mechi?

Tusijitetee kwamba "si ni kweli lakini?" Katekisimu namba 2477 inafundisha kwamba kufichua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni kosa hata kama ni ya kweli. Padre akikuondolea dhambi, hatoki nje kuzitangaza. Sasa wewe unayezitangaza, umetumwa na nani?

Ya kutafakari:
1. Kuna mtu ninayemwita kwa kosa lake?
2. Kuna kosa langu ambalo Mungu ameshalisamehe, lakini mimi bado najiita kwalo?

Wiki hii mtafute mtu mmoja, mwite kwa jina lake la ubatizo, na umwambie nafasi yake bado ipo.

Ee Yesu, uliyempa Petro nafasi tena, tufundishe kuwapa wenzetu. Amina.