DAWA ZA MITISHAMBA NA MTU MWENYE MZIO

Kila mwaka mahindi ya hapa Songea yatoapo mbelewele, mimi hupiga chafya mchana na usiku, macho huniwasha, na kifua hubana. Maradhi haya huitwa mzio. Bwenini mwetu wako wenzangu kadhaa wenye taabu hiyo, na wengi wetu turudipo kutoka likizo huwa na chupa au kopo la dawa ya mitishamba sandukuni. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike machache juu ya usalama wa dawa hizo, kwa faida ya wanafunzi na wazazi.

Kwanza tujue mzio ni nini. Jina la kitaalamu la maradhi haya lilitungwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa mji wa Vienna. Mwili una kinga ya kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye mzio kinga hiyo hukosea, ikaona chavua, vumbi au karanga kuwa ni adui. Mara ya kwanza kitu hicho kiingiapo, huenda asione lolote, kwani mwili unatengeneza kingamwili tu. Kikiingia tena, mwili humwaga histamini, ndipo huja mafua, vipele, uvimbe na pumu. Basi mtu akisema, "Nilikwisha kuinywa wala haikunidhuru," huo si ushahidi wa kutosha.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa taabu. Wakati wa likizo shangazi yangu aliniletea kopo la unga alilonunua mnadani, akaniambia, "Mwanangu, hii ni miti mitupu, haina kemikali." Nilimshukuru, nikakoroga kijiko kimoja katika uji. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya tatu midomo ilivimba, mwili mzima ukawasha, na pumzi ikawa haba. Nilikimbizwa hospitali, nikapigwa sindano ya adrenalini, nikapona. Daktari alipotazama kopo, alikuta limeandikwa kwamba mna chavua ya nyuki. Nyuki hukusanya chavua za maua mengi, hata za mahindi. Kumbe nilikuwa nakula kile kile ninachokikimbia shambani! Shangazi alilia, nami sikuwa na neno la kumlaumu, kwa maana alinipenda.

Yako mambo manne ambayo mwenye mzio hana budi kuyafikiri.

La kwanza ni undugu wa mimea. Alizeti, kamomili, ekinasea na artemisia ni mimea ya ukoo mmoja. Mtu anayedhuriwa na mmoja aweza kudhuriwa na mwingine. Mwezi Mei 2020 Tanzania ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji cha artemisia kwa ajili ya UVIKO-19. Mwenye mzio wa mimea ya ukoo huo hapaswi kunywa kinywaji cha namna hiyo kabla ya kumwuliza daktari.

La pili ni nguvu ya mmea wenyewe. Si kweli kwamba kitu cha asili hakidhuru. Upupu nao ni mmea wa asili. Wachina tangu kale walitumia efedra kutibu pumu, na mwaka 1885 Nagai Nagayoshi wa Japani alipata ndani yake dawa ya efedrini. Hata hivyo, mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini ya mmea huo, kwa kuwa vilidhuru moyo na watu wakafa.

La tatu ni vitu vilivyochanganywa kwa siri. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta steroidi, ambayo ni dawa ya hospitali, ndani ya dawa zilizouzwa kama mitishamba. Mgonjwa hupata nafuu upesi, asijue anachokunywa wala kipimo chake.

La nne ni kuacha dawa ya hospitali. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao. Mwenye pumu akitupa dawa yake ya kuvuta, shambulio moja laweza kumwua.

Sisemi haya kwa kudharau dawa za wazee wetu. Utafiti wake ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, na leo unaendelea katika Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili waganga na dawa zao. Bibi yangu, anayechuma dawa mwenyewe, humwuliza mgonjwa kwanza kitu gani kilimdhuru zamani. Kopo la mnadani halimwulizi mtu.

Basi, ndugu zangu, tusinywe dawa isiyotaja mimea iliyomo. Tutazame kama imesajiliwa. Tumwambie daktari au matroni kila tunachokunywa, tusikifiche sandukuni. Na mwenzetu akivimba midomo au kukosa pumzi, tusingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile. Nanyi wazazi, mtupapo dawa, tupeni na jina lake. Tahadhari kabla ya athari.