MAUMIVU YA VIUNGO: TUULIZE KABLA YA KUYAPA JINA
Somo la afya kwa familia na vikundi vya nyumbani

Mwezi huu tunawaletea somo juu ya jambo lisilokosekana katika nyumba zetu: maumivu ya viungo. Magoti, viuno, mabega, vifundo vya miguu, vidole vya mikono. Huku Muyinga, na kwa ndugu zetu walio Gitega, tunayasikia kila Jumapili baada ya ibada. Ukimwuliza mgonjwa anaumwa nini, jibu huwa lile lile: "Ni baridi yabisi", au "Ni rimatizimu", au kama wasemavyo majirani zetu Warundi, "Ni imbeho tu."

Ni kweli kwamba baridi huzidisha maumivu. Tunaishi juu, kwenye mita 1,500 na zaidi, na usiku shitingi haizuii ubaridi. Lakini baridi yabisi si jina la kila kitu. Maumivu ya kiungo ni kama mbwa anayebweka usiku. Anaweza kubweka kwa sababu ya mwizi, au fisi, au jirani anayepita tu. Mwenye nyumba mwenye busara hamfungi mbwa mdomo akarudi kulala. Anatoka kuangalia kuna nini.

Katika somo hili tunataka kujifunza kutoka kuangalia.

FUNDISHO KUTOKA NCHI HII

Wazee wa Burundi wanakumbuka ugonjwa ulioitwa sutama. Neno hilo ni la Kirundi, lina maana ya kuchuchumaa. Wagonjwa waliumwa sana kichwa, misuli na mwili mzima, hata wakawa wanakaa wamejikunja kwa sababu hawakuweza kujinyoosha. Ugonjwa huo ulionekana katika gereza la Ngozi mwaka 1995, kisha ukaenea katika kambi za watu waliohamishwa na vita, hasa kwenye milima yenye baridi. Mwaka 1997 walihesabiwa zaidi ya watu 45,000 waliodhaniwa kuwa nao.

Je, ilikuwa ni baridi? Waganga walipochunguza walikuta ni homa ya tifasi, ile inayoletwa na chawa wa nguo. Baridi ilikuwa na sehemu yake, lakini si ile ambayo watu hudhani. Kwa sababu ya baridi na umaskini, watu walilala wengi pamoja na kuvaa nguo zile zile mchana na usiku bila kuzifua, na chawa wakazaana. Dawa ilikuwepo: dozi moja tu ya doksisaiklini iliweza kumponya mtu. Aliyekaa nyumbani akijifunika blanketi angeweza kufa, na aliyefika kituoni kwa wakati alipona.

Tunajifunza nini? Kwamba jina tunalolipa ugonjwa ndilo linaloamua tutakwenda wapi. Tukisema "baridi", tunatafuta moto na blanketi. Tukiuliza vizuri, tunaipata njia ya uponyaji.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MGONJWA

Maswali haya si kazi ya daktari peke yake. Mama anaweza kumwuliza mtoto wake, na kijana anaweza kumwuliza bibi yake. Majibu yake mtayapeleka kituo cha afya, nayo yatamsaidia sana mganga.

1. Je, kuna homa?

Hili ndilo swali la kwanza. Malaria huumiza viungo vyote, kwa hiyo mwenye homa apimwe damu kwanza. Ziko pia homa za virusi ziletwazo na mbu ambazo zimepewa majina kwa sababu ya viungo. Chikungunya ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika miaka ya 1952 na 1953, katika nchi ya Wamakonde, na jina hilo la Kimakonde linamtaja mtu aliyejikunja kwa maumivu. O'nyong'nyong ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kuwapata watu wapatao milioni mbili katika Afrika Mashariki. Hiyo huletwa na mbu yule yule wa malaria. Basi chandarua unachotundika usiku kinalinda hata magoti yako.

Homa inayokuja na kuondoka kwa majuma mengi, pamoja na jasho na maumivu ya mgongo na nyonga, inaweza kuwa bruselosi. Hiyo hutoka kwa ng'ombe na mbuzi, hasa kwa maziwa yasiyochemshwa. Wengi wetu tumetoka katika jamii za wafugaji na tunapenda maziwa mabichi. Tuyachemshe.

2. Ni kiungo kimoja au vingi?

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto ukikigusa, ambacho mgonjwa hataki kabisa kukisogeza, tena ana homa: hii ni hatari kubwa. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache, na unaweza kuingia katika damu na kuua. Mtu huyu apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Ukiona ameacha kutembea, au analia unapombadilisha nguo na kuugusa mguu mmoja, usingoje kesho.

Kiungo kimoja kinachovimba polepole kwa majuma au miezi kinaweza kuwa kifua kikuu. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huingia katika nyonga, goti, na uti wa mgongo. Ukiona mgongo wa mtoto unaanza kutoka kama kibyongo, au mtu anakonda na kutoka jasho usiku, aende akapimwe. Kifua kikuu hutibika.

Lakini kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku hata shuka likigusa ni mateso, mara nyingi ni jongo. Hilo huwapata zaidi wanaume wa makamo, na pombe, pamoja na ile ya kienyeji, huliamsha.

3. Mgonjwa ana umri gani?

Mzee kuumwa magoti ni jambo la kawaida. Mtoto kuumwa viungo si jambo la kawaida, na tusimwambie kwamba anakua tu.

Wazazi, tunaomba msikie jambo hili vizuri. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo, kisha baada ya majuma mawili au matatu magoti yake yakavimba, halafu maumivu yakahama kwenda vifundo vya miguu, kisha viwiko, hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Viungo hupona vyenyewe, na hapo ndipo penye mtego. Mzazi hufurahi kwamba mtoto amepona, kumbe ugonjwa umegusa moyo. Miaka kadhaa baadaye kijana anashindwa kupanda kilima, anahema, miguu inavimba, kwa sababu milango ya moyo imeharibika. Ugonjwa huu hupenda mahali ambapo watu wamebanana, kama kambini. Kinga yake ni penisilini: koo la mtoto litibiwe mapema na dawa zimalizwe zote. Mtoto aliyekwisha kupata ugonjwa huu huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Hata mkihamishwa kwenda kambi nyingine, au mkirudi nyumbani, bebeni karatasi yake ya sindano kama mnavyobeba karatasi ya ukimbizi.

Mtoto mchanga ambaye mikono na miguu yake yote inavimba na kuuma, tena anaishiwa damu mara kwa mara, apimwe selimundu, ambayo wengi wetu kutoka Kongo tunaiita SS. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huupokea kwa baba na mama pamoja. Mtoto huyo akijulikana mapema, anywe maji mengi, alindwe na baridi na malaria, naye anaweza kukua.

4. Maumivu huzidi saa ngapi?

Maumivu yanayozidi jioni baada ya kazi na kupungua ukipumzika, mara nyingi ni ya kuchakaa kwa kiungo. Gegedu ndani ya goti limelika kwa miaka ya kulima milimani na kubeba mizigo.

Maumivu ya asubuhi, ambapo vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata mama anashindwa kufunga kitenge, ni jambo jingine. Hapo mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hata wakiwa vijana. Huyu anahitaji daktari wa hospitali, kwa sababu zipo dawa za kuuzuia ugonjwa usipindishe vidole, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema.

5. Usingizi ukoje, na moyo ukoje?

Swali hili tunalisahau. Wako kati yetu walioona mambo mazito njiani, na mwili huyabeba. Mtu asiyelala, anayeshtuka usiku, anaweza kuumwa mabega, shingo na mgongo, na vipimo visionyeshe kitu. Maumivu yake ni ya kweli, si ya kujifanya. Asichekwe, wala asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo. Asikilizwe, aombewe, na apelekwe kwa wahudumu wanaoshughulika na majeraha ya moyo.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwa maumivu ya zamani yasiyo na homa wala uvimbe wa ghafla, haya husaidia:

- Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kiungo, asubuhi na jioni.
- Kutembea kidogo kila siku. Goti lisilotembezwa hukakamaa zaidi.
- Kupunguza mzigo. Dumu la lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, kiuno na magoti. Bora kwenda mara mbili na dumu dogo.
- Fimbo. Ishikwe mkono wa upande ule usiouma, si upande wa goti bovu.
- Parasetamoli kwa kipimo alichokuambia mganga.

Na haya tuyaache:

- Kununua sokoni vidonge visivyo na jina. Diklofenaki ikitumiwa ovyo hutoboa tumbo na kuharibu figo. Vidonge vingine vya kutuliza haraka vina dawa za jamii ya kotisoni: uso unanenepa, maumivu yanakwisha, lakini mifupa inadhoofika na ugonjwa ulioko ndani unaendelea kujificha.
- Kuchanja, kuchoma, au kukanda kwa nguvu kiungo chenye moto na uvimbe.
- Kumpa mtoto aspirini bila kuambiwa na mganga.
- Kungoja. Mwenye homa na kiungo kilichovimba hangoji siku ya soko, wala siku ya mgao wa chakula.

Tuanzie kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa, watatoa karatasi ya kwenda hospitali ya Muyinga au ya Gitega. Unapofika, usiseme tu "naumwa viungo." Eleza majibu ya yale maswali matano.

NENO KWA KANISA

Wako wanaouliza kama kwenda hospitali ni kupungukiwa na imani. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Kuomba na kutibiwa ni kama miguu miwili ya mtu mmoja.

Tena tunalo jambo la kutenda. Katika Kiswahili chetu neno "viungo" ni la magoti na mikono, na ndilo neno ambalo Paulo katika Biblia yetu analitumia kwa sisi tulio mwili wa Kristo. Basi bibi anayeishi peke yake, anayepanda kutoka bombani na dumu kichwani, goti lake ni jambo la kanisa zima. Tunaomba kila kikundi cha nyumbani kipange vijana wawili wa kuchotea maji na kukata kuni kwa wazee wa eneo lake. Jambo hili halihitaji mfadhili.

MASWALI YA KUJADILIANA
(Somo la kusoma kwanza: 1 Wakorintho 12:12–27)

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeumwa viungo na bado hajaulizwa yale maswali matano?
2. Je, kuna mtoto aliyeumwa koo mwezi uliopita? Dawa zake zilimalizwa?
3. Ni dawa gani tunazonunua bila kujua jina lake?
4. Ni mzee gani tutakayemchotea maji kuanzia juma hili?

Bwana awalinde, awape nguvu katika viungo vyenu, na atukutanishe tena katika somo lijalo. Amina.