Nyumba ya Kima Mdogo wa Brazili

Wasomaji wetu wengi wamjua kima aingiaye shambani akala mahindi. Leo twapenda kueleza habari za kima wa namna nyingine, aliye mdogo mno, akaaye katika msitu wa pwani ya Brazili, upande wa Rio de Janeiro. Huitwa tamarini wa dhahabu, kwa kuwa manyoya yake yang'aa kama dhahabu, na yale ya shingoni ni marefu mfano wa simba. Uzito wake wapata gramu 600 hivi.

Hula matunda na wadudu, ambao huwachokora kwa vidole vyake virefu katika magome na katika mimea iotayo juu ya matawi. Usiku jamaa yote huingia katika tundu la mti, wakalala wamebanana. Tundu hilo humkinga na baridi na wanyama wamwindao, wala hawezi kulichimba mwenyewe. (Komba wa kwetu naye hulala hivyo.) Matundu ya namna hii hupatikana katika miti mikubwa ya siku nyingi, ambayo mkata miti huihesabu kuwa haifai ila kuni, na mche upandwao leo utakawia miaka mingi kabla ya kuwa nyumba.

Msitu ule ulikatwa kwa ajili ya miwa, kahawa, makaa na malisho ya ng'ombe, na kima wenyewe walikamatwa wakauzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walisalia 200 hivi. Mwaka 1974 serikali ilitenga hifadhi ya Poço das Antas, na tangu mwaka 1984 kima waliozaliwa katika bustani za wanyama walirudishwa msituni. Wengi wa wale wa kwanza walikufa: hawakujua kutafuta chakula, na matawi yenye kuyumba yaliwashinda. Ilibidi hata kuwatundikia masanduku ya kulalia mitini.

Lakini msitu mwingi uliosalia ulikuwa katika mashamba ya watu, kila kipande mbali na kingine. Kima huyu aogopa kuvuka malisho yaliyo wazi, na wafungwao katika kipande kidogo huzaana ndugu kwa ndugu. Basi wenye mashamba wakakubali kuwapokea kima katika misitu yao, na wengine wakaruhusu miti ipandwe ili kuunganisha vipande. Mwaka 2020 daraja la kupandwa miti lilijengwa juu ya barabara kuu ya BR-101.

Homa ya manjano iliua theluthi hivi kati ya mwaka 2016 na 2018. Hata hivyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2023 ilipata kima 4,800 hivi.