Mtoto Mwenye Kigugumizi na Watu wa Nyumba Yake

Katika nyumba za Goma, ambamo mtoto huitwa kwa Kiswahili, huimbiwa na nyanya yake kwa Kinande au Kinyarwanda, kisha akafundishwa shuleni kwa Kifaransa, kigugumizi kinapomzukia aghalabu husemwa kwamba wingi wa lugha ndio uliomfunga ulimi, na jirani mwingine atasema kwamba ni hofu ya Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto. Maneno hayo yote mawili si sahihi. Kigugumizi huanza, kwa watoto walio wengi, baina ya miaka 2 na 5, na asili yake imo katika namna ubongo unavyouongoza usemi, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hofu na uchovu huweza kukizidisha, walakini havikizai.

Yapata mtoto 1 kati ya 20 hupitia hali hii, na walio wengi, hasa wasichana, hupona. Katika watu wazima husalia kama 1 katika 100. Ila mtu aliyekuwa akisema vema, kisha akaanza ghafla kugugumiza baada ya kuumia kichwa, au huku mdomo umepinda na mkono umelegea, huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

Kumkata mtoto kimio au ugozi ulio chini ya ulimi hakuondoi kigugumizi, bali humwachia jeraha na hatari ya kutoka damu nyingi. Hata tabibu mashuhuri wa Berlin, Johann Dieffenbach, alizikata ndimi za watu kwa nia hiyo mwaka 1841, na mbinu yake ikaachwa.

Mtoto huyo huyo anayekwama akitumwa dukani huenda akaimba kanisani pasipo kukwama hata kidogo, au akasoma sawia na mwenziwe kwa ufasaha, na hapo mzazi hudhani kwamba anafanya makusudi, akachukua fimbo. Laiti angejua kwamba ndivyo kigugumizi kilivyo! Msikilizeni mpaka amalize, msimmalizie neno wala msimwamrishe avute pumzi. Ninyi wenyewe semeni taratibu, na kila mtu angoje zamu yake.

Hali ikidumu zaidi ya miezi 6, au mtoto akianza kukaza uso na kuyakwepa maneno, msingoje akue. Anzeni kwa daktari, apimwe masikio, kisha mwulizeni habari za ortofonisti, yaani mtaalamu wa usemi, ambaye kwetu ni adimu. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao tangu 2008, na mafunzo huweza kutolewa hata kwa simu yenye picha. Kwa walio chini ya miaka 6 ipo njia ya Lidcombe, iliyobuniwa Sydney, ambayo mzazi mwenyewe huitekeleza nyumbani kila siku kwa uongozi wa mtaalamu. Kidonge cha kuponya hakipo, na anayewauzia msimpe fedha zenu.